Wavu wa kuku unazuia kuku kutoka, lakini je, unazuia adui kuingia?

#1 MkulimaBigwa (mwanzisha uzi)
Heshima kwenu wanajukwaa. Naishi pembezoni mwa mji wa Morogoro, upande wa Bigwa, mahali ambapo mashamba yanakutana na vichaka vya chini ya milima ya Uluguru. Nina kuku wa kienyeji 18, jogoo akiwemo, wanaolala kwenye banda la mabanzi lililoinuliwa juu ya nguzo, na mchana hujitafutia uani. Majirani wamelima mchicha na matembele, na kwa haki yao wamechoka kuona kuku wangu wakichakura matuta. Nimeamua kuwajengea uzio wa nje ulioshikana na banda, kwenye kipande cha mita 6 kwa mita 4 kilichopo kati ya banda na ukuta wa tofali wa jirani.

Jambo linalonisukuma kuandika ni hili. Nyumba ya tatu kutoka kwangu walijenga uzio mzuri wa wavu wa kuku, ule wa matundu ya pembe sita, kwa mirunda iliyonyooka na mlango wenye komeo. Mitetea watatu walikuwa na tabia ya kulala kwenye kichanja kilichomo ndani ya uzio badala ya kuingia bandani. Asubuhi moja walikutwa wamekufa wote, wawili hawana vichwa, miili ikiwa palepale kando ya wavu. Hapakuwa na shimo ardhini, wala wavu haukuchanika. Kwa maoni yangu wavu ule unafaa kumzuia kuku tu, na kuutegemea uzuie adui ni kujidanganya. Naomba wenye uzoefu waniambie ni mnyama gani aliyefanya kazi ile, na je, wavu ufukiwe ardhini au kuna njia nyingine?

#2 FundiMirunda
Ndugu, huyo ni kicheche na si mwingine. Kwetu Kibaha kicheche amemaliza mabanda ya watu wengi, na dawa yake ni kufukia wavu futi moja kwenda chini pande zote. Chimba mtaro kwanza, simamisha mirunda kila baada ya mita 2, kila mmoja uingie ardhini sentimita 60 na ushindiliwe kwa kokoto, kisha shusha wavu mtaroni na urudishie udongo. Sehemu ya mrunda inayoingia ardhini ipake oili chafu ya gari ili mchwa wasiule. Ukifanya hivyo utalala usingizi.

#3 BiMakunduchi
Kaka FundiMirunda, mwanzisha uzi amesema wazi kwamba hapakuwa na shimo. Sasa huo mtaro wa futi moja ungemsaidia nini jirani yake? Mimi namshuku paka, tena paka shume asiyekuwa na mwenyewe. Kuku akilala ameegemea wavu, kichwa chake kiko jirani kabisa na tundu. Paka hupenyeza mkono, akamvuta shingo, akala kile kilichopita upande wake na kuuacha mwili ndani kwa sababu haupiti. Angalieni maelezo yake tena: vichwa havipo, miili ipo kando ya wavu.

Huku kwetu Unguja, adui wa mchana ni mkubwa kuliko wa usiku. Kunguru hawa wa Kihindi, walioletwa kisiwani mwishoni mwa karne ya 19, hawamwachi kifaranga. Mmoja hutua mbele ya mama kumshughulisha, na mwingine akaja nyuma na kuondoka na kifaranga. Kwa hiyo, kaka wa Bigwa, umeuliza habari za chini na pembeni, lakini hujagusa habari za juu. Uzio usio na kifuniko, kwa mwenye vifaranga, ni sahani tu.

#4 AfisaMifugoMstaafu
Naomba nirekebishe mambo mawili kabla hayajaendelea kukua.

La kwanza, watu wengi huita kila mnyama mdogo anayekula kuku kuwa ni kicheche. Kicheche halisi ni mweusi mwenye mistari myeupe mgongoni, ana harufu kali na hutembea usiku. Yule mwembamba wa kahawia anayekatiza barabara mchana huku mkia wake umenyooka ni nguchiro, naye kazi yake kubwa ni ya mchana. Tukio la jirani lilitokea usiku, kwa hiyo nguchiro simhesabu. Wanaobaki ni kicheche, paka, fungo na kanu. Mimi namweka kanu mbele: ana madoadoa na mkia mrefu wa pete, hupanda mti na ukuta kwa wepesi kuliko paka, mwili wake hupita mahali ambapo hukudhania, na akishaingia kwenye kuku huua kuliko anavyokula. Hapo Bigwa, chini ya msitu, sishangai.

La pili, suala la kufukia wavu. Wavu wa pembe sita ni waya mwembamba uliosokotwa, na ukifukiwa kwenye udongo wenye unyevu huliwa na kutu, nawe hutaona mpaka siku utakapouvuta ukakatikia mkononi. Badala ya kuufukia, ulaze. Chukua kipande cha wavu chenye upana wa sentimita 45 hivi, kifunge chini ya uzio kwa waya wa kufungia, kisha ukitandaze juu ya ardhi kuelekea nje na kukibana kwa mawe. Mnyama anayefukua huanzia pale penye kona ya ukuta na ardhi. Akikwaruza hapo anakutana na waya chini ya makucha, na ni wachache wanaorudi nyuma nusu mita ili waanze upya. Nyasi zitaota katikati ya matundu na baada ya masika hutaona kama kuna kitu.

#5 KijanaWaTanga
Mbona hakuna anayemtaja mwizi? Huku Tanga mjini mnyama anayetumaliza ana miguu miwili na plaizi mfukoni.

#6 BiMakunduchi
Mdogo wangu, mwizi hali kichwa akaacha nyama.

#7 KijanaWaTanga
Nimekubali, dada, kwa tukio lile. Hata hivyo nasisitiza kwamba uzio lazima umfikirie na mtu. Wavu wa pembe sita hukatwa kwa mkasi wa nguo. Mwenye uwezo anunue waya meshi ule uliochomelewa, angalau kwa mita moja ya chini, halafu juu aendelee na wavu mwepesi. Mjue pia namba za geji zinakwenda kinyume: geji 16 ni nene kuliko geji 20, na wauza duka wengine hunyamaza mteja anapochukua namba kubwa akidhani amepata waya imara.

#8 Shitindi_wa_Kakamega
Hamjambo nyote. Nawasoma kutoka Kakamega, na nimefurahi kuona mjadala wenye hoja. Nina mambo matatu kwenu, ndugu zangu. Kwanza, waya meshi wa nusu inchi ndio unaomzuia panya mkubwa na nyoka mnene, ule wa inchi moja panya hupita akiimba. Kuku mkubwa panya hamwezi, lakini kifaranga wa wiki moja huvutwa mpaka shimoni. Pili, siafu. Nyinyi mnazungumzia waya, lakini siafu wakija usiku hakuna tundu linalowazuia, na mtetea anayelalia mayai hatatoka kuyaacha, ataliwa akiwa hai. Sisi huweka miguu ya banda ndani ya mikebe yenye oili, na kuzungushia majivu makavu. Uzio wa nje hauna jibu la siafu hata kidogo, kwa hiyo mtetea anayelalia asiwekwe ndani ya uzio ardhini.

La tatu ni kumhusu mwewe. Afisa hakumtaja, ila yeye ndiye aliyetufanya sisi tukafunika juu.

#9 MzeeWaSingida
Vijana wangu, mnatumia fedha nyingi kwa kitu ambacho wazee wetu walikimaliza kwa miti. Huku Singida tumezungushia maboma kwa minyaa tangu enzi, hailiwi na mifugo, haichomwi na jua, mchwa hawaigusi, na ikishakuwa nene hakuna mbwa wala fisi anayeipita. Anayetaka mpaka mkali zaidi apande michongoma, ambayo ina miiba ya kumrudisha hata mwizi wa KijanaWaTanga. Panda leo mwanzoni mwa vuli, na wavu wako mwepesi uwe wa muda tu mpaka ua ushikane.

#10 AfisaMifugoMstaafu
Shikamoo mzee wangu. Ua wa miti naupenda na ninaunga mkono michongoma moja kwa moja. Kuhusu minyaa nina tahadhari: utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaweza kulijeruhi vibaya, na anayepogoa ua huo huwa ni mtoto au dada wa nyumbani asiyejua. Kwenye boma pana la ng'ombe si neno, lakini kwenye ua wa mita 6 kwa 4, ambamo mtu anaingia kila siku kuokota mayai, matawi yatamgusa usoni.

#11 MzeeWaSingida
Marahaba mwanangu. Kuku wangu wameatamia chini ya minyaa maisha yao yote, na mimi nimeipogoa kwa panga nikiwa nimesimama upande unakotoka upepo. Anayeijua haimdhuru.

#12 MamaTunu
Afisa na mzee, kabla hamjaenda mbali na ua wa miti, tumrudie mwanzisha uzi, kwa sababu hesabu yake ya nafasi haijaguswa na mtu. Mita 6 kwa 4 ni mita za mraba 24. Kwa kuku 18 anapata zaidi kidogo ya mita moja kwa kila kuku, kiwango ambacho wengi hukitaja kuwa kinatosha. Kinatosha kwa kuku kutodonoana. Hakitoshi kwa nyasi. Kuku wa kienyeji wakiwekwa hapo watakula jani, kisha mzizi, kisha watachimba mashimo ya kuogea vumbi, na ardhi itabaki tupu kama uwanja wa shule. Mvua ikinyesha, mahali hapo panakuwa tope lililochanganyika na mavi, na hapo ndipo kuhara damu kunapoanzia. Wengi wamejenga uzio ili kuwaokoa kuku na kicheche, kisha wakawapoteza kwa ugonjwa wa ardhi.

Ushauri wangu ni kukigawa kipande hicho mara mbili kwa wavu wa katikati, kila nusu iwe na kijimlango chake kutoka bandani. Kuku watumie nusu moja huku nyingine ikipumzika na kuota, kisha wabadilishane.

#13 FundiMirunda
Dada MamaTunu, ukigawa mara mbili kuku wanabaki na nusu mita na kidogo kila mmoja. Umesema mwenyewe kwamba mita moja ndiyo ya kuzuia kudonoana. Sasa tuchague lipi? Mimi naona aache kugawa, amwage maranda au pumba za mpunga uwanja mzima, unene wa kiganja cha mkono, awe anaongeza. Kuku watachakura humo kutwa, tope halitakuwepo, na mwisho wa mwaka anapata mbolea ya kupeleka kwa majirani wenye mchicha, nao watamsamehe.

#14 AfisaMifugoMstaafu
Hapa nyote wawili mna hoja na sitaki kuamua kati yenu, ila naomba muelewe jinsi ugonjwa wenyewe unavyofanya kazi. Mayai ya vimelea vya kuhara damu yanapotoka kwenye kinyesi hayaambukizi papo hapo. Yanahitaji joto, hewa na unyevu kwa siku moja au mbili ndipo yakomae. Kwa hiyo adui wetu ni unyevu. Mahali hatari kuliko pote katika uzio ni duara la nusu mita kuzunguka chombo cha maji, mahali ambapo vifaranga hukanyaga, hunya na kudonoa kwa wakati mmoja. Weka chombo juu ya kichanja cha waya chenye mchanga au kokoto chini yake, na utakuwa umefanya jambo kubwa kuliko kumwaga chokaa, ambayo watu wanaiamini kupita kiasi. Maranda makavu ni mazuri. Maranda yaliyolowa chini ya anga wazi wakati wa masika ni mabaya kuliko udongo. Vifaranga wa wiki 3 hadi 6 ndio wanaoumia zaidi.

Ninaongeza jambo moja ambalo uzio wa aina yoyote hauwezi: mdondo, ambao wengine mnauita kideri. Virusi vyake huja na viatu, na kuku aliyenunuliwa mnadani, na tenga lililoazimwa. Chanjo ya tone la jicho ya I-2 irudiwe kila baada ya miezi 3 hadi 4, na kuku mgeni akae peke yake wiki 2 kabla ya kuingizwa kwa wenzake. Nimeona watu wakijenga uzio wa gharama na kuona chanjo ni ghali.

#15 Salha_Maskati
Salamu kutoka Maskati. Kuku wetu wa nyumbani hapa wanakutana na joto linalopita nyuzi 40, kwa hiyo kwetu suala la kwanza ni kivuli, kabla hata ya mbweha wanaofukua. Jengeni uzio wenu urefu wake ukilala kutoka mashariki hadi magharibi, ili jua la asubuhi na la alasiri lisiingie kwa upande mpana. Tunafunika theluthi ya juu kwa makuti ya mitende, na sehemu iliyobaki inabaki wavu. Kuku akifungua mdomo na kutanua mabawa, ameshateseka, hata kama maji yapo.

#16 MkulimaBigwa
Nawashukuru wote. Dada Salha, kipande changu kimelala hivyo hivyo kwa bahati, mashariki hadi magharibi, na kuna mpapai mmoja katikati ambao sitaukata. Bi Makunduchi, kuhusu kifuniko, je, nyavu chakavu za uvuvi zinafaa? Ndugu mmoja anaweza kunipatia kutoka Dar es Salaam.

#17 BiMakunduchi
Zinafaa sana kwa kunguru na mwewe, na huku kwetu ndizo tunazotumia. Ila zitandaze kwa mteremko na uzivute zikaze juu ya waya mnene uliopita katikati, kwa sababu majani yakijaa na mvua ikapiga, wavu uliolegea unashuka mpaka kichwani. Chagua tundu dogo. Kwenye tundu kubwa ndege hunasa shingo, nawe utatumia asubuhi nzima kumnasua. Kanu wa Afisa, ikiwa kweli ni kanu, wavu wa uzi ataukata kwa meno.

#18 Mwalimu_Lushoto
Nina maelezo ya nne kuhusu vile vichwa. Bundi mkubwa akitua juu ya kichanja kilicho wazi humwua kuku akiwa amelala, hula kichwa na shingo, na akishindwa kuubeba mwili huuacha. Mwanzisha uzi hajatuambia kama uzio wa jirani ulikuwa na kifuniko. Kama ulikuwa wazi juu, basi kukosekana kwa shimo na wavu kutochanika si fumbo tena.

#19 MkulimaBigwa
Nimekwenda kuuliza. Ulikuwa wazi juu, urefu wa futi 6, na kichanja kilikuwa kama kiganja kimoja kutoka kwenye wavu.

#20 BiMakunduchi
Kiganja kimoja! Basi paka anabaki palepale.

#21 AfisaMifugoMstaafu
Na kanu anabaki, kwa kuwa futi 6 za mirunda kwake ni ngazi. Kuku wa tatu alikuwa na kichwa, na bundi hana kawaida ya kuua watatu kwa usiku mmoja. Aangalie kama kuna manyoya yaliyonasa juu ya mirunda na kama kuna kinyesi kimeachwa mahali pamoja, hasa juu ya ukuta au jiwe, kwa maana kanu ana tabia ya kurudi kunya palepale.

#22 Mwalimu_Lushoto
Bundi wawili wenye kinda wanaweza kuua watatu. Siondoi hoja yangu.

#23 MamaTunu
FundiMirunda, kuna neno lako la mwanzoni ambalo halijajibiwa, nalo linanisumbua. Oili chafu ya gari ina mabaki ya metali, na kuku anachakura na kumeza udongo ulioizunguka nguzo kila siku, kisha sisi tunakula mayai yake. Nguzo zichomwe moto upande wa chini mpaka ziwe na ganda jeusi, au anunue mirunda iliyotiwa dawa kiwandani.

#24 FundiMirunda
Dada, hiyo iliyotiwa dawa kiwandani nayo ni dawa ya sumu, tusijifanye ni maji. Oili ninayopaka inaishia sentimita 10 chini ya uso wa ardhi, na kuku hachimbi kufika hapo kwenye udongo ulioshindiliwa kokoto. Kuchoma moto nimekuona kukisifiwa na watu wengi, lakini kwenye udongo mwekundu wa mchwa wa Pwani nguzo iliyochomwa inaliwa kwa ndani, ganda likabaki limesimama. Labda huko kwenu Dodoma ni tofauti.

Ila nina jambo ambalo mafundi wengi hatulisemi kwa mteja. Mkimaliza kufunga, vipande vidogo vya waya wa kufungia hubaki vimetawanyika, virefu kama nusu ya kijiti cha kiberiti, vinang'aa. Kuku huvutwa na kinachong'aa, akadonoa na kumeza, na waya ule hutoboa firigisi. Chukua sumaku ya spika ya redio iliyokufa, ifunge kamba, uikokote ardhini mstari kwa mstari kabla hujafungulia kuku. Utashangaa inavyorudi imeota manyoya ya chuma.

#25 Shitindi_wa_Kakamega
Fundi, hilo la sumaku nimelichukua, asante. Mlango je? Sisi tunaufanya ufunguke kwenda ndani, ili kuku wanaokimbilia chakula wausukume ujifunge badala ya kuufungua.

#26 FundiMirunda
Ukimwaga maranda unene wa kiganja, mlango wa kwenda ndani hautafunguka baada ya mwezi mmoja. Uwe wa kwenda nje na kizingiti cha ubao cha futi moja chini.

#27 Shitindi_wa_Kakamega
Weka kizingiti hicho hicho, na mlango wa kwenda ndani uanzie juu yake. Maranda hayataufikia.

#28 KijanaWaTanga
Na wale wanaoruka? Kuku mwepesi wa kienyeji futi 6 anazipita akitaka. Kateni manyoya marefu ya bawa moja tu, anapoteza mizani.

#29 BiMakunduchi
Usimkate bawa kama juu umeshafunika, hana haja ya kuruka. Na kama hujafunika, umemnyima njia pekee ya kumkimbia nguchiro.

#30 MkulimaBigwa
Nimeamua yafuatayo kwa sasa. Mita moja ya chini itakuwa waya meshi wa nusu inchi, juu yake wavu wa kuku hadi futi 6, na kifuniko cha nyavu za uvuvi kwa mteremko, huku theluthi moja ikiwa na makuti. Wavu wa kulaza nje nitauweka pande tatu, kwa kuwa upande wa nne ni ukuta wa tofali wa jirani. Vichanja vyote vitakuwa bandani, na kijimlango kitafungwa kila magharibi. Suala la kugawa mara mbili bado nalipima, na michongoma nitaipanda upande wa shamba vuli hii.

#31 AfisaMifugoMstaafu
Mpango ni mzuri, ila usiuhesabu ukuta kuwa upande uliokwisha kufungwa. Ukuta wa tofali usiopigwa lipu ni barabara ya kanu, na pale kifuniko chako kinapokutana nao lazima pabaki upenyo, kwa kuwa tofali hazijanyooka. Pigilia ubao ukutani kwa urefu wote, kisha ukaze nyavu kwenye ubao huo, na kipande cha mwisho kilicho karibu na ukuta kiwe cha waya, kisiwe cha uzi.

#32 Mwalimu_Lushoto
Na umwombe jirani ruhusa kabla ya kupigilia. Ukuta ni wake.